Sefti hapimwi kwa saa: Drafti ya NFL na mabeki wetu wa Laare

Jumapili jioni pale Laare, nje ya kibanda cha kuchaji simu karibu na steji, nilikuta vijana watano wameinamia simu moja. Nilidhani wanaangalia mkeka wa kubeti. Kumbe ni video ya jamaa wa Marekani mwenye helmeti. Anatoka upande mmoja wa uwanja kama mtu aliyeitwa, anafika upande wa pili na kumdaka mpinzani kiunoni hatua tatu kabla hajafunga.

"Huyu alijuaje mpira unaenda huko?" mmoja akauliza.

"Ana mbio tu, bana," mwingine akajibu, na video ikaendelea.

Hilo jibu nimelibeba wiki nzima. Ndilo jibu ambalo timu za NFL, zenye pesa za kuajiri kila aina ya mtaalamu, zimekuwa zikilitoa kwa miaka, na limezigharimu. Na ndilo jibu hilohilo linalowaumiza mabeki wetu huku Igembe kila timu inapokuja kusaka vipaji.

Nianze na wakati tulio nao. Mwishoni mwa Februari wachezaji wa vyuo vikuu vya Marekani wanakusanyika Indianapolis kwa zoezi linaloitwa Kombaini. Wanapimwa urefu, uzani, mikono, wanaruka, wanakimbia yadi 40 (mita 36 na nusu hivi), wanapimwa na madaktari na kuhojiwa na makocha. Baadaye, Aprili 23 hadi 25 mjini Pittsburgh, kutakuwa na drafti yenyewe: timu 32 zinachagua kwa zamu, raundi saba. Ukichukuliwa mapema unalipwa vizuri. Ukichukuliwa mwisho unaanza kwa kuomba nafasi. Usipochukuliwa, unangoja simu.

Sefti ni nani? Ni beki wa mwisho. Kila timu huwa na wawili uwanjani, wakati mwingine watatu. Mmoja husimama mbali nyuma, yadi 12 au 15 kutoka mpira unapoanzia, akilinda kila kitu kilicho mbele yake. Mwenzake husogea karibu na msukumano, awaangushe wanaokimbia na mpira. Siku hizi timu nyingi zinataka mtu anayeweza kazi zote mbili, na tena aweze kumkaba mpokeaji mwepesi mmoja kwa mmoja. Beki wengine wakikosea, yeye yupo. Yeye akikosea hakuna mtu mwingine, na ubao unaandika pointi sita.

Sasa tuje kwa saa.

Mwaka wa 2022 kulikuwa na sefti wa chuo cha Notre Dame anayeitwa Kyle Hamilton. Mrefu wa futi sita na inchi nne, na kila aliyetazama mechi zake alikubali kwamba ni kati ya wachezaji bora zaidi wa mwaka huo, wa nafasi yoyote. Akaenda Indianapolis akakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.59. Kwa sefti si aibu, lakini si ya kutingisha mtandao. Walipompima tena chuoni kwake, ripoti zilisema alikwenda polepole zaidi. Ghafla wale wale waliomsifu wakaanza kukuna vichwa. Wachezaji wengine 13 wakachaguliwa kabla yake. Baltimore Ravens wakamchukua nambari 14, na kufikia mwisho wa msimu wa 2023 alikuwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Agosti 2025 Ravens walimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 100.4, zaidi ya Sh12 bilioni, pesa ambazo sefti hakuwa amewahi kulipwa.

Hebu tupige hesabu ndogo. Tofauti ya sekunde 4.59 na 4.49 ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mtu anayekimbia mita 8 au 9 kwa sekunde hupoteza hapo chini ya mita moja. Lakini mtu anayesoma mchezo nusu sekunde mapema na kuanza kukimbia kabla ya wengine, akishika kasi hiyohiyo, amewatangulia kwa mita 4. Hamilton anakula hizo mita 4 kila wiki. Saa ya Indianapolis haiwezi kuziona kwa sababu pale wote wanaanza wakiwa tayari, hakuna anayesoma chochote. Unakimbia mbele kwa laini iliyonyooka, hakuna mpira, hakuna mpinzani. Sefti hukimbia hivyo mara ngapi kwenye mechi? Karibu sifuri.

Upande wa pili kuna Obi Melifonwu, mzaliwa wa London mwenye wazazi kutoka Nigeria, aliyesoma Connecticut. Mwaka wa 2017 alifanya Kombaini ya maajabu: yadi 40 kwa sekunde 4.40, akaruka juu inchi 44, akaruka mbele karibu mita 3.6. Kwa mwili wa kilo mia moja! Raiders wakamchukua raundi ya pili. Majeraha yakamsumbua, uwanjani hakuonekana sana, na mwaka uliofuata wakamwacha. Sisemi mwili wake ulikuwa bure. Ninasema zile namba zilijibu swali ambalo mechi haiulizi sana.

Na Kevin Byard? Huyo alitoka Middle Tennessee, chuo ambacho hata Wamarekani wengi hawakifuatilii. Mwaka wa 2016 alichukuliwa raundi ya tatu na Tennessee Titans bila hata kualikwa Kombaini. Msimu wa 2017 alinasa pasi nane za wapinzani na kuingia kikosi bora cha ligi.

Lakini tusiende mbali sana tukaanza kusema mbio hazina maana. Mwaka jana Nick Emmanwori wa South Carolina, mwenye jina la Kinaijeria pia, alikimbia kwa sekunde 4.38 na kuruka inchi 43 akiwa na kilo mia. Kulikuwa na waliomwogopa, wakamkumbuka Melifonwu. Seattle wakamchukua nambari 35, wakamsogeza mbele karibu na mpira badala ya kumwacha mbali nyuma, na msimu wake wa kwanza umeishia kwa Super Bowl. Tofauti yake na Melifonwu haiko kwenye saa, maana namba zao zinakaribiana. Ni kwamba kuna kocha aliyejua amtumie wapi, na mwili ukamkubali. Kwa hiyo mbio ni kama nauli: bila hiyo hupandi gari, lakini haikuambii unaenda wapi.

Kwa nini basi sefti anawachanganya watu hivi, kuliko nafasi nyingine? Sababu ya kwanza ni ya kuchekesha kidogo: hatuoni anachofanya. Kamera ya runinga inafuata mpira. Mpira unapoanza, sefti wa nyuma hayuko kwenye skrini kabisa. Anatokea sekunde tatu baadaye, ama akiokoa ama akichomwa, na sisi tunahukumu hapo. Ndiyo maana wasaka vipaji wa kweli hutumia video nyingine, inayopigwa kutoka juu na kuonyesha wachezaji wote 22 kuanzia mwanzo. Pale ndipo unaona hatua ya kwanza. Je, ilikuwa ya nyuma, ya kando, au alidanganywa akasonga mbele? Macho yake yalikuwa kwa nani? Kotabaki mjanja huangalia kulia huku anataka kurusha kushoto, na sefti mchanga hufuata yale macho kama ng'ombe anayefuata chumvi.

Sababu ya pili ni pembe. Ukiwa Laare na matatu ya Maua imeanza kuondoka, huikimbizi kutoka nyuma. Unakata kona ukaingoje mbele. Sefti mzuri anafanya hivyo na binadamu mwenye kasi kuliko yeye. Akichukua pembe ya karibu mno anapitwa, akichukua ya mbali mno anampa mpinzani yadi kumi za bure. Kazi ya kusaka vipaji ni kukaa na rimoti na kurudisha video nyuma mara mia, ukitazama pembe tu.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo mashabiki wengi hawalijui, na mimi binafsi nalipenda. Uwanja wa chuo na wa NFL una upana uleule, yadi 53 na kidogo. Lakini kuna mistari miwili midogo katikati, na kila mchezo lazima uanzie kati ya mistari hiyo. Vyuoni mistari imeachana futi 40. NFL imeachana futi 18 na nusu tu. Maana yake, chuoni mpira unaweza kuanzia pembeni kabisa na kuacha upande mmoja ukiwa mpana kama shamba. Sefti wa chuo akichelewa upande huo mpana, si lazima awe mvivu, ni jiometri. Na anayeonekana hodari kwa kulinda upande mwembamba huenda amesaidiwa na mstari. NFL mpira huanzia karibu na katikati, kwa hiyo pande zote mbili ni hatari na huwezi kukisia. Anayepima bila kulijua hilo anapima kitu kingine.

Ya tatu ni mdomo. Sefti ndiye anayewapanga wenzake kabla mpira haujaanza. Utamwona kwenye video akinyoosha kidole, akimvuta mtu kwa jezi, akibadilisha kila kitu sekunde mbili kabla. Ndiyo maana mahojiano ya Indianapolis kwake yana uzito kuliko kwa mtu wa kusukumana pale mbele. Anawekewa video ya kosa lake mwenyewe na kuulizwa: nani alitakiwa kuwa wapi? Anayewatupia wenzake lawama hupoteza pesa hapo hapo kwenye kiti.

Kuhusu pasi anazonasa, kuwa mwangalifu. Takwimu hiyo ndiyo inayopigiwa kelele, na ndiyo yenye bahati nyingi zaidi. Mpira unaweza kumgonga mpokeaji kifuani ukamwangukia sefti mikononi. Sefti mwingine analinda vizuri hadi kotabaki anaogopa kurusha upande wake msimu mzima, na takwimu zinasema amenasa moja. Ed Reed, aliyechukuliwa nambari 24 mwaka wa 2002 na Ravens na kuingia jumba la magwiji 2019, alinasa pasi 64, na sehemu kubwa ni kwa sababu alijua mapema. Lakini Ed Reed ni mmoja.

Mwaka huu macho yote yako kwa Caleb Downs wa Ohio State. Alianza Alabama mwaka wa 2023 akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na akaongoza timu kwa kuangusha wapinzani, kisha akahamia Ohio State na kutwaa ubingwa wa kitaifa Januari 2025. Baba yake alicheza NFL, na kaka yake Josh ni mpokeaji wa Indianapolis Colts. Si mrefu wa kutisha, futi sita hivi. Ukitazama video zake utaboeka, na hiyo ni sifa. Yuko pale tayari. Hakuna kuruka kwa kishujaa kwa sababu hakukuwa na haja.

Swali si kama anajua mpira. Swali ni kama timu itatumia nafasi ya kumi bora kwa sefti. Tangu Jamal Adams achukuliwe nambari 6 na New York Jets mwaka wa 2017, hakuna sefti kamili aliyeingia kumi bora. Miaka ya 2021, 2023 na 2024 hakuna hata mmoja aliyechukuliwa raundi ya kwanza. Na Machi 2024 timu zilifuta mikataba ya masefti kadhaa wenye majina, akiwemo Byard mwenyewe, ili kuokoa pesa. Hoja ya mabosi ni kwamba sefti wa kawaida anapatikana raundi ya tatu kwa bei ya chini, lakini kotabaki au mtu wa kumkimbiza kotabaki hapatikani. Mimi naona hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Sefti wa kawaida anapatikana, sawa. Wa aina ya Hamilton hapatikani, na Ravens wamethibitisha. Ningekuwa na nambari kuanzia sita kushuka, ningemchukua Downs na nisiangalie saa yake hata kidogo.

Nyumbani sasa. Watu wa kwetu wameshapita kwenye mizani hii. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alizaliwa hukohuko Indianapolis, akasoma Boston College na kuchukuliwa na New York Giants raundi ya kwanza mwaka wa 2006, nambari 32. Giants walitwaa Super Bowl mbili akiwa kwao. Huyo alikulia ndani ya mchezo.

Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, alikuja kwa mlango mwingine. Alikuwa mchezaji wa raga aliyepitia Afrika Kusini na New Zealand. Mwaka wa 2013 Colts wa Indianapolis wakamsajili bila drafti, kabla hajawahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huo. Walitazama urefu, mbio na nguvu. Desemba mwaka huohuo akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL, na sisi tukashangilia. Lakini mechi zilikuwa chache, nyingi kwenye vikosi vya mipira ya mateke, na kufikia 2015 safari na Colts ilikuwa imekwisha. Simlaumu hata kidogo. Unamchukua mtu mzima, unamwambia ajifunze kwa miezi lugha ambayo wenzake wameizungumza tangu wakiwa na miaka minane. Mwili alikuwa nao. Muda wa kusoma hakupewa.

Ndiyo maana mpango wa NFL wa wachezaji wa kimataifa ulioanza 2017, na kambi za Afrika zilizoanzia Accra mwaka wa 2022 na kufika Nairobi mwaka uliofuata, huangalia zaidi vijana warefu na wazito wa kwenda mstari wa mbele. Pale unaweza kufundishwa kazi moja na kuirudia. Ni nadra kuona mgeni anachukuliwa awe sefti. Kwa hiyo wewe msee wa Igembe mwenye mbio na futi tano na tisa, ukiambiwa na mtu wa WhatsApp kwamba ana nafasi yako NFL ukilipa ada ya usajili, block. Mlango unaoweza kukufaa ni mchezo wa bendera, ule usio na kuangushana, ambao utakuwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028 na ambao shule inaweza kuuanza kwa mpira mmoja na vitambaa.

Lakini wengi wa wale waliokuwa kwenye simu pale steji ni mabeki wa kandanda yetu hii ya kawaida, na kipimo kinachowaumiza ni kilekile. Kuna majaribio ya siku moja. Vijana 60 wanapangwa, wanakimbizwa, halafu wanacheza dakika 20. Nilicheza nambari 5 shuleni na nimesimama kwenye foleni hiyo. Fowadi akipiga chenga mbili anaandikwa. Beki aliyefunga njia hadi mpira ukaenda kwingine haandikwi, kwa sababu hakuna kilichotokea. Siku yangu walichukua mabeki wawili warefu kuliko wote. Mmoja, Mungu ambariki, alikuwa kipa.

Ajabu ni kwamba hapa Laare watu wanajua kupima vizuri kuliko hivyo. Mnunuzi wa miraa hapimi bunda kwa majani ya mgomba yaliyofungwa nje. Anafungua, anachomoa ya katikati, anaangalia ilichumwa lini. Hanunui kwa sababu bunda ni refu.

Mtazame Joseph Okumu. Mzaliwa wa Kisumu, akapitia Chemelil, Afrika Kusini, kisha timu ndogo ya Ann Arbor na Real Monarchs huko Marekani. Mwaka wa 2019 alicheza AFCON kule Misri, mechi kamili, dhidi ya wapinzani wa kweli, na mwaka huohuo Elfsborg wa Uswidi wakamchukua. Baadaye Gent, baadaye Reims. Hakuna dakika 20 za majaribio ambazo zingeonyesha beki kama yule.

Nilirudi kwa wale vijana Jumatano. Beki wao wa kati ana miaka 17, mwembamba, na ndiye aliyeuliza lile swali la kwanza. Tumekubaliana kitu kimoja kabla ya kandanda ya shule kuanza muhula wa pili. Simu itafungwa juu kwenye mti ulio kwenye mteremko nyuma ya goli, ipige uwanja mzima, mechi nzima, bila kukata na bila muziki. Tutaangalia hatua yake ya kwanza tu, mechi tano mfululizo. Tulijaribu na mechi ya mazoezi. Dakika ya 31 memori ikajaa, lakini kabla ya hapo tulimwona mara mbili akianza kukimbia wakati fowadi bado anainua kichwa. Mwenye simu anataka mia moja kwa kila mechi, na bado tunabishana nani atalipa bando la kuituma.